Sura ya 6: Anayebaki Chumbani

"Kama eksirei haina madhara, mbona anayenipiga picha anakimbilia nyuma ya ukuta?"

Swali hili huulizwa kila siku kwenye mabenchi ya idara za mionzi, na aliyeuliza hujibiwa harakaharaka: "Usiwe na wasiwasi mama, ni kidogo tu." Jibu ni la kweli, ila limeishia njiani. Wewe umevunjika mkono. Unapigwa picha mbili au tatu, unakwenda zako, na faida unaondoka nayo, maana sasa inajulikana mfupa umekatika wapi. Mpiga picha hana mfupa uliovunjika. Akibaki chumbani kwa kila mgonjwa, atapokea kidogo cha huyu na kidogo cha yule, leo, kesho na mwakani, mpaka astaafu, na mwili wake haufaidiki kwa lolote. Ndiyo maana anatoka.

Sasa, yuko mtu mwingine hospitalini ambaye hawezi kutoka. Ni daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa. Eksirei inapowashwa, yeye ameinama juu ya mgonjwa, drili mkononi, macho kwenye skrini. Pembeni yake yupo nesi anayempa vifaa, yupo daktari kijana anayejifunza, na kichwani mwa kitanda yupo mtaalamu wa usingizi. Watu hawa ndio wenye sura hii.

Paja la kijana wa bodaboda

Kijana wa bodaboda amegongwa, mfupa wa paja umekatika katikati. Zamani angelala wodini wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito hadi mfupa uunge. Siku hizi mara nyingi hupitishiwa chuma kirefu ndani ya mfupa, pale panapokaa uboho. Njia hii ilienezwa na Mjerumani Gerhard Küntscher kuanzia karibu na mwaka 1940, na imewaokoa watu wengi na ulemavu. Baada ya siku chache kijana anaanza kutembea kwa magongo.

Chuma peke yake hakitoshi; mfupa unaweza kuzunguka au kufupika. Kwa hiyo hufungwa kwa skrubu juu na chini, zikipita kwenye matundu yaliyotobolewa tayari kiwandani. Skrubu za juu hazisumbui, kwa sababu kuna kishikizo cha nje kinachoelekeza drili. Kazi ipo chini, karibu na goti. Tundu lina upana wa milimita chache tu, limo ndani ya chuma, chuma kimo ndani ya mfupa, na mfupa umezungukwa na nyama. Daktari anatakiwa alilenge bila kuliona.

Hapo ndipo inapoingia mashine yenye mkono uliopinda kama herufi C. Ncha moja ya mkono huo ina bomba linalotoa mionzi. Ncha ya pili ina kichwa kinachoipokea na kuigeuza kuwa picha. Mgonjwa hulala katikati. Ukikanyaga pedali, mfupa unaonekana kwenye skrini papo hapo, na ukiendelea kukanyaga unaona drili ikitembea. Upigaji huu wa eksirei inayoonekana moja kwa moja huitwa fluoroskopia.

Ukisimama nyuma ya daktari wakati huo na kuitazama skrini vizuri, utaona mfupa wa paja, utaona chuma na matundu yake mawili, kisha, ukingoni mwa picha, utaona vijiti vitatu vyembamba vimejipanga. Hivyo si vya mgonjwa. Ni vidole vya daktari.

Mionzi inayorudi kutoka kwa mgonjwa

Watu wengi, na wafanyakazi wa afya wakiwemo, hudhani hatari inatoka kwenye mashine moja kwa moja. Kwa mtu aliyesimama kando ya kitanda, sehemu kubwa ya mionzi anayoipokea hutoka kwa mgonjwa. Washa tochi kwenye chumba chenye giza na uimulike kwenye ukuta uliopakwa chokaa: hujamulikia uso wako, lakini uso unapata mwanga. Eksirei nayo ikiupiga mwili, nyingine hupita, nyingine humezwa, na nyingine hutawanyika kila upande. Hii ya mwisho tutaiita mionzi iliyotawanyika. Mgonjwa mnene hutawanya zaidi kuliko mwembamba, kwa sababu mashine hulazimika kutoa mionzi mingi ili ipenye.

Palepale unapoondoa mguu kwenye pedali, hakuna kinachobaki: si hewani, si kwenye mashuka, si mwilini mwa mgonjwa. Nalisema hili kwa sababu wapo wasafishaji wanaoingia kwenye chumba cha eksirei kwa hofu kubwa na kutoka mbio, na hakuna aliyewahi kuwaketisha dakika 5 akawaeleza. Mashine iliyozimwa ni samani tu.

Kipimo tutakachotumia ni milisiverti. Inapima athari ambayo mionzi inaweza kuleta mwilini, kama kilo inavyopima uzito. Kila binadamu hupokea wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na kwenye hewa, hata kama hajawahi kukanyaga hospitali. Picha moja ya kifua ni takriban 0.1 au pungufu. Mfanyakazi wa mionzi, kwa mapendekezo ya kimataifa, asizidishe wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Mikono ina kiwango chake, 500, kwa kuwa ngozi na mifupa ya vidole huvumilia zaidi kuliko viungo vya ndani.

*Kwa kifupi: daktari hupokea mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa, hupokea pale tu pedali inapokanyagwa, na kila mara ni kidogo. Shida ni kwamba hicho kidogo kinarudiwa kwa miaka 30.*

Mikono iliyotangulia

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Moja ya picha zake za kwanza ilikuwa ya mkono wa mkewe, mifupa na pete. Dunia ilishangaa, na ndani ya miezi michache madaktari wa nchi nyingi walikuwa wameshaanza kuitumia. Wengi walikuwa na desturi moja mbaya: kabla ya kumpiga mgonjwa, waliipima nguvu ya bomba kwa kuweka mkono wao wenyewe mbele yake.

Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, alifanya hivyo kwa miaka. Ngozi iliungua, vidonda vikakataa kupona, saratani ikaingia, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki. Edison aliachana na eksirei. John Hall-Edwards wa Birmingham, Uingereza, mmoja wa madaktari wa mwanzo kabisa kuitumia katika tiba, alikatwa mkono wa kushoto mwaka 1908. Mjini Hamburg kuna mnara uliosimikwa mwaka 1936 kuwakumbuka waliokufa kwa kazi hii, na ulipofunguliwa ulikuwa na majina 169.

Haya yalikwisha, na yalikwisha kwa sababu ya kanuni. Uingereza ilitoa mapendekezo ya kujikinga mwaka 1921, na mwaka 1928 kikaundwa chombo cha kimataifa cha kusimamia jambo hilo. Madaktari wa eksirei wa Uingereza walipofuatiliwa kwa miaka 100, ilionekana kwamba walioanza kazi kabla ya 1920 walikufa kwa saratani kwa kiwango kilichozidi cha madaktari wengine kwa asilimia 75. Kwa walioanza kazi baada ya katikati ya miaka ya 1950, ziada hiyo haikuonekana.

Wapiga picha wa leo, basi, wamerithi mila ya kuogopa mionzi kwa adabu. Madaktari wa mifupa hawakuirithi. Mashine ya C iliingia kwenye vyumba vyao vya upasuaji miaka mingi baadaye, ikaja kama kifaa kimoja zaidi kando ya drili na nyundo, na wengi walifundishwa kuitumia na kaka zao wa kazi waliofundishwa vivyo hivyo. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho chanzo cha tatizo zima.

Aproni inafunika nini, na inaacha nini

Muulize daktari wa mifupa anajikinga vipi, atakuonyesha aproni ya risasi. Ana haki ya kuiamini. Risasi ni madini mazito, na aproni yenye unene wa nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya tisa ya kumi ya mionzi iliyotawanyika. Asiyevaa aproni hana la kujitetea.

Lakini hebu mwangalie aliyeivaa. Shingo iko wazi, na ndani ya shingo kuna tezi ya thairoidi, ambayo haipendi mionzi hata kidogo. Inahitaji kola yake ya risasi. Macho yako wazi. Makwapa yako wazi, hasa anaponyoosha mkono kufikia mguu wa pili wa mgonjwa. Na kama aproni ni ya mbele tu, akimgeukia nesi kuomba skrubu huku mwingine anakanyaga pedali, mgongo mzima uko wazi.

Suala la kwapa limeanza kuzungumzwa kwa uzito baada ya tafiti za Marekani kukuta saratani ya matiti kwa wanawake madaktari wa mifupa ikizidi ile iliyotarajiwa kwa wanawake wa umri wao. Tafiti hizo zilitegemea majibu ya madaktari wenyewe, na haziwezi kuapa kwamba mionzi ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo, sehemu ya titi iliyo karibu na kwapa ndiyo aproni nyingi zinayoiacha, hasa zile zilizoshonwa kwa kifua cha mwanamume na kumning'inia daktari mwanamke kama koti la kuazima. Kununua aproni zenye saizi tofauti na kinga ya bega si anasa.

Macho nayo yana habari yake. Kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa kwa lenzi ya jicho kilikuwa milisiverti 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilipendekeza kishushwe hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho huanza kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Daktari aliyesoma kabla ya hapo na hajarudi darasani bado ana ile 150 kichwani.

Kisha kuna utunzaji. Aproni haikunjwi. Ikikunjwa na kutupwa juu ya kiti, kama inavyotupwa kila jioni, risasi iliyo ndani hupasuka polepole bila kitambaa cha nje kuonyesha dalili yoyote. Inatakiwa itundikwe kwenye kining'inizo chake, na angalau mara moja kwa mwaka ipigwe eksirei yenyewe ili nyufa zionekane. Ni kazi ya nusu siku kwa idara nzima.

Na glovu za risasi? Zinaonekana kuwa jibu la vidole, na zina mtego wake. Mashine nyingi za C hujirekebisha zenyewe: picha ikififia, huongeza mionzi. Ukiingiza glovu ya risasi ndani ya picha, mashine inaona kiza, inaongeza nguvu, na mgonjwa, wasaidizi na mkono wako wote mnapata zaidi. Glovu nzuri kuliko zote ni mkono kutokuwepo.

Kinga isiyo na bei

Umbali una hesabu yake. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 kutoka mahali mionzi inapotoka, unapokea robo. Ukifika mita 3, unapokea sehemu moja ya tisa. Hatua mbili za nyuma, ambazo hazihitaji zabuni wala bajeti, zinapunguza robo tatu ya mzigo.

Sasa tazama upande wa pili. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wataalamu ni kwamba mtu aliye mita 1 kutoka kwa mgonjwa hupokea takriban sehemu moja ya elfu ya kile kinachoipiga ngozi ya mgonjwa pale mwale unapoingilia. Kidole kilichowekwa mahali hapo kwa sekunde 1 kimepokea kiasi ambacho aliyesimama mita 1 pembeni angekipokea kwa sekunde 1,000, yaani zaidi ya dakika 16. Vile vijiti vitatu ukingoni mwa skrini si jambo dogo.

Mambo mengine ambayo daktari na mpiga picha wanaweza kuyaanza kesho asubuhi:

- Bomba liwe chini ya kitanda na kichwa kinachopokea picha kiwe juu, karibu kabisa na mgonjwa. Mionzi hutawanyika zaidi upande mwale unapoingilia. Bomba likiwa chini, sehemu kubwa inaelekea sakafuni, na macho yanapona.
- Picha ikipigwa kwa ubavu, simama upande wa kichwa kinachopokea picha. Wengi husimama upande wa bomba kwa mazoea tu.
- Piga picha moja moja. Picha ya mwisho hubaki kwenye skrini; ifikirie hiyo, usiendelee kukanyaga pedali huku unafikiri.
- Banisha dirisha la mwale liishie pale unapotaka kuona. Mgonjwa anapata kidogo, chumba kinapata kidogo, na picha inakuwa safi zaidi.
- Usikuze picha bila sababu, kwa kuwa kukuza huongeza mionzi.
- Anayekanyaga aseme kwa sauti kabla ya kukanyaga, ili mwenye kuweza kurudi nyuma arudi.

Mjamzito ana kanuni yake. Akishatoa taarifa kazini, mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiverti 1 kwa muda wote uliobaki. Hilo linawezekana bila kumfukuza chumba cha upasuaji, mradi atoe taarifa mapema na asiadhibiwe kwa kuitoa.

Beji iliyobaki kabatini

Beji ya kupimia mionzi ni kiplastiki kidogo kinachobanwa kifuani, chini ya aproni. Ukipewa ya pili, hubanwa kwenye kola, nje. Ndani yake kuna chembe zinazotunza kumbukumbu ya mionzi iliyopita. Baada ya mwezi mmoja au miezi mitatu hupelekwa maabara, ikapashwa moto, ikatoa mwanga, na mwanga huo ukipimwa unajulikana umepokea kiasi gani. Haikukingi na chochote. Wapo wanaoivaa kama hirizi, na wapo wanaoidharau kwa sababu haizuii kitu. Wote wawili hawajaelezwa.

Tanzania kazi ya kusimamia mambo haya ni ya Tume ya Nguvu za Atomu, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya iko mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa hiyo sheria ipo. Tatizo liko kabatini. Madaktari wa mifupa wa Ulaya, Asia na Afrika wanapoulizwa kuhusu kujikinga, majibu yao hufanana sana: aproni huvaliwa na wengi, kola ya shingo na wachache, miwani ya risasi na wachache zaidi, na beji, hata pale ilipotolewa, hukaa kwenye kabati la kubadilishia nguo.

Sababu zao si za kipuuzi. Majibu ya maabara huchelewa, na yakija huenda kwenye faili, mhusika asiyaone. Mwingine anaogopa kwamba akionekana amezidisha atazuiwa kufanya upasuaji, na upasuaji ndiyo riziki na heshima yake. Mwingine anasema ana wagonjwa 10 kwenye foleni na hana muda wa kutafuta pini. Mimi namlaumu zaidi mwenye faili kuliko mwenye beji. Mtu akipelekewa namba yake kila robo mwaka, na namba za wenzake wanaofanya kazi ileile bila majina, ataanza kuuliza mwenyewe kwa nini yake iko juu.

Chuma kisichohitaji mashine

Hapa kwetu kuna mkasa wa pekee. Mwaka 1999 daktari wa mifupa Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika linaloitwa SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Alibuni chuma cha mfupa kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya C. Kishikizo chake cha nje kinafika hadi chini, na daktari hulitafuta tundu kwa kifaa maalumu na kwa hisia ya mkono, mpaka asikie kimeingia. Chuma hiki kimetumika kwa miaka mingi katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, na katika hospitali kadhaa za Kenya. Matokeo yake ni kwamba yapo mapaja mengi Afrika Mashariki yaliyofungwa skrubu bila pedali kukanyagwa hata mara moja.

Daktari wa hospitali maskini, katika jambo hili, amekuwa salama kuliko mwenzake wa hospitali tajiri. Lakini hali inabadilika. Mashine za C zinazidi kuingia, nazo ni neema: uti wa mgongo, nyonga na mivunjiko iliyosambaratika havitengenezwi vizuri kwa kupapasa. Ninachokiona ni kwamba mashine huja kwa hafla, utepe na hotuba, ilhali kola za shingo, vining'inizo vya aproni na beji hubaki kwenye orodha ya "awamu ya pili". Awamu ya pili ije siku ileile. Hospitali inayopanga kununua mashine ya C iandike vitu hivyo kwenye zabuni moja na mashine, pamoja na siku mbili za mafunzo kwa kila atakayeingia chumbani, kuanzia bingwa hadi msafishaji.

Na wewe nesi, au daktari kijana uliye kwenye mafunzo, unayesoma sura hii: bingwa akiwa kwenye skrubu ya chini, macho yake yako kwenye tundu, hayako kwenye vidole vyake. Wewe unaviona. Mwambie, kwa heshima na kwa sauti inayosikika: "Daktari, mkono wako uko kwenye picha." Na wewe bingwa, akikuambia hivyo, toa mkono, mshukuru, ndipo mwambie akanyage.